Nani Anasubiri Mbao Ikauke?

  Leo nataka tukipigie hesabu kitanda.

Ni kitanda cha sita kwa sita, cha mninga, kichwani kimechongwa maua kidogo na matendegu yake yamekerezwa. Ukipita Keko hapa Dar es Salaam utaviona vitanda vya namna hii vimesimamishwa kando ya barabara, vingine vimeshapakwa vanishi, vingine bado vinasubiri msasa. Mama mmoja anaingia, anasalimia, anapitisha kiganja juu ya mbao. "Fundi, hiki shilingi ngapi?" Fundi anaweka randa chini. "Karibu mama. Hicho laki nane, ila maelewano yapo." Mama anashtuka. "Laki nane yote hiyo! Mimi nina laki sita na nusu." Wanavutana pale, mmoja anapanda, mwingine anashuka, hadi wanakutana kwenye laki saba. Mama anatoa kianzio, jina lake linaandikwa kwenye daftari, anaambiwa aje baada ya wiki mbili. Anaondoka akijua ameokoa laki moja.

Hiyo laki moja imetoka wapi?

Namba nitakazozitaja sasa ni za kuhesabia tu. Bei za mtaani kwako zitakuwa nyingine. Weka namba zako, mwendo wa hesabu hautabadilika.

Mbao, tuseme, shilingi 380,000. Mwenye mashine ya kupasua na kuranda anachukua 30,000. Kukereza matendegu na kuchonga kichwa 40,000, kwa sababu siku hizi kazi hiyo mara nyingi inapelekwa kwa fundi mwingine mwenye mashine yake. Gundi, msasa, skrubu, vanishi na thina, 60,000. Guta la kuleta mbao, 15,000. Msaidizi anayelipwa 15,000 kwa siku, siku 5, ni 75,000. Jumlisha utapata 600,000, na fundi mwenyewe hajatia kitu mfukoni.

Bado kuna kodi ya eneo, umeme na mlinzi wa usiku. Tuseme kwa mwezi ni 200,000, na fundi wetu anamaliza vitanda 3 kwa mwezi. Kila kitanda kinabeba karibu 67,000 ya gharama hizo. Kwa hiyo kitanda kikiuzwa 800,000, fundi anabaki na 133,000. Kimemchukua siku 7 za kazi. Hiyo ni 19,000 kwa siku, ujira wa kawaida kabisa kwa mtu mwenye ujuzi wa miaka. Kikiuzwa 700,000 anabaki na 33,000. Gawa kwa siku 7 uone, haifiki 5,000 kwa siku. Yule kijana msaidizi, ambaye bado anajifunza kuinoa patasi, kwa siku amepata mara tatu ya mwalimu wake.

Kwa mama, laki moja ilikuwa sehemu moja ya nane ya bei. Kwa fundi ilikuwa robo tatu ya ujira.

Wala simlaumu mama. Kupatana bei ni desturi yetu, na fundi mwenyewe ndiye aliyesema maelewano yapo. Mafundi wengi hawaifanyi hesabu niliyoifanya hapa. Wanahesabu mbao, wanaongeza kitu juu yake kwa uzoefu, basi. Meno ya msumeno yanayokwisha, randa ya umeme iliyoungua, wiki ambayo hakuna aliyeleta oda, kitanda kilichorudishwa kurekebishwa bure, vyote hivyo havimo kwenye bei. Lakini hata fundi anayejua hesabu vizuri kabisa atakubali laki saba siku hiyo. Anaikubali kwa sababu anakihitaji kile kianzio, na anakihitaji leo.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Tuseme mama ametoa nusu, 350,000. Mbao peke yake ni 380,000. Kianzio hakikutosha hata kununua mbao, na bado kuna mashine, kuna msaidizi anayetaka kula leo, kuna vanishi. Zinazopungua zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kianzio cha mteja wa pili, aliyeagiza kabati. Kabati nalo litamaliziwa kwa kianzio cha mteja wa tatu, aliyeagiza meza ya kulia chakula. Siku mteja wa nne asipotokea, mnyororo wote unasimama. Kabati liko nusu, meza ni mbao zilizoegemezwa ukutani, na simu inaita. "Fundi, vipi, kazi yangu?" "Mama, njoo Jumamosi." Jumamosi inageuka kuwa Jumamosi nyingine.

Sote tunazijua ahadi za mafundi, na wapo waongo kati yao kama walivyo katika kila kazi. Lakini sehemu kubwa ya kuchelewa kule haitokani na tabia. Inatokana na karakana kuendeshwa kwa fedha za wateja bila hata shilingi moja ya akiba katikati. Mteja ndiye benki ya fundi, na ni benki inayotoa mkopo mdogo, inayotaka kitanda ndani ya wiki mbili.

Sasa fikiria mbao inayonunuliwa kwa fedha ya namna hiyo. Fundi amepokea kianzio asubuhi, mchana yuko kwa wauza mbao, jioni guta limeshusha, kesho yake anaanza kuranda. Mbao ile ilikuwa gogo lini? Pengine mwezi uliopita. Ilisafiri kwenye lori ikiwa imebanwa, ikashushwa, ikasimamishwa juani nje nje tu, ikauzwa.

Naomba nikae hapa kidogo, maana kitanda chako kitadumu au kitaharibika kutokana na jambo hili. Mti ukiwa hai umejaa maji. Msindano uliokatwa leo waweza kubeba maji yenye uzito sawa na wa mbao yenyewe ikiwa kavu, na mara nyingine zaidi. Maji ya mwanzo yakitoka, mbao inapungua uzito tu, umbo halibadiliki. Inaanza kusinyaa unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, pale maji yaliyoshikwa ndani ya nyuzi zake yanapoanza kuondoka. Na haisinyai sawasawa. Kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Kwa upana inasinyaa, na ubao uliopasuliwa kufuata mviringo wa pete za mti unasinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kwenye kiini. Ndiyo maana mbao mbili zilizotoka gogo moja, zikapigwa randa siku moja, moja itabaki imenyooka na nyingine itajikunja.

Sogea karibu na kichwa cha kitanda, pale ubao wa kukingama unapoingia kwenye tendegu. Fundi mzuri hapigi msumari pale. Anachonga ulimi kwenye ncha ya ubao, anatoboa tundu kwenye tendegu kwa patasi, anajaribisha, anapunguza unywele mmoja, anajaribisha tena, hadi ulimi uingie kwa kugongwa taratibu na kiganja. Anatia gundi, anabana kwa jiriwa, anaacha usiku kucha. Kiungo hicho kikiwa cha mbao kavu, wajukuu watakikuta. Kikiwa cha mbao mbichi, ulimi unasinyaa ndani ya tundu kidogo kidogo, gundi inaachia, na baada ya miezi michache kitanda kinalia kila mtu anapogeuka. Ufundi ulikuwepo. Mkono haukukosea. Mbao ndiyo ilikuwa haijafika wakati wake, na sasa mteja anasimulia mtaa mzima kwamba mafundi wa siku hizi hawana kazi nzuri.

Wazee wa kazi hii kule Ulaya walikuwa na kanuni ya mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi moja ya unene. Kwa joto letu muda ni mfupi kuliko huo, ila bado tunazungumzia miezi, hatuzungumzii siku mbili juani. Jua kali la ghafla ndilo linalopasua ncha za mbao. Mbao inataka kivuli, upepo, na muda.

Muda nao una bei. Fundi wetu wa vitanda 3 kwa mwezi, akitaka tu kuwa na mbao ya miezi 3 mbele inayokauka kibandani, ni mbao ya vitanda 9. Kwa hesabu yetu ni shilingi 3,420,000 zimelala. Hazilipi kodi, hazinunui unga. Zimelala kwenye kibanda cha mabati, mahali ambapo bungua anaweza kuingia, mwizi anaweza kuingia, na moto pia. Juni 2018 moto ulizuka usiku katika soko la Gikomba, Nairobi, watu 15 wakafa, na Gikomba ilikuwa imeshaungua mara nyingi kabla ya hapo. Fundi anayekataa kuweka mbao nyingi mahali pa namna hiyo, tena bila bima, amefikiri vizuri.

Kukosa fedha ya kusubiri hakuanzii kwa fundi. Kunaanzia shambani. Serikali ina shamba lake la Sao Hill kule Mufindi, kubwa kuliko mashamba yake mengine yote ya miti, na kandokando yake, Mufindi yenyewe, Njombe, Makete, wananchi wamepanda misindano yao kwa wingi. Msindano ukiachwa miaka 20 na zaidi unatoa mbao iliyonyooka na yenye nguvu. Lakini mwenye shamba ana ada ya shule, ana mgonjwa, na mnunuzi amesimama mbele yake na fedha taslimu. Miti mingi inakatwa ikiwa na miaka 8 au 10. Mti mchanga hivyo karibu wote ni mbao changa ya katikati, na hiyo ndiyo inayojipinda vibaya zaidi ikikauka. Kisha gogo linapelekwa kwenye zile mashine ndogo za kuhamahama wanazoziita dingidong, ambazo msumeno wake mnene unageuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi. Mwenye mashine naye hana fedha ya kusubiri. Anapasua leo, anauza leo.

Kwa hiyo mkulima hakusubiri, mpasuaji hakusubiri, mwenye lori hakusubiri, muuza mbao hakusubiri, fundi hakusubiri. Kungoja kote kumesukumwa hadi chumbani kwako, na mbao inakauka pale, ikiwa tayari ni kitanda.

Mbao ngumu za asili zina hadithi yake, na inagusa bei pia. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, misitu ya Lindi na Mtwara ilifikika kwa lori kwa urahisi ambao haukuwepo kabla. Magogo ya mninga, mkongo na mvule yalitoka kwa kasi. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka za mrabaha wa miti ambao haukukusanywa. Kwa maoni yangu hasara ile haikuishia hazina. Mbao iliyokatwa bila kulipiwa iliuzwa rahisi, na sisi wanunuzi tukazoea kwamba kitanda cha mninga ni cha bei ile. Mti ule unachukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa, lakini bei tuliyoizoea haikuwa na hata mwaka mmoja wa umri wake ndani. Udhibiti ulipokaza na mninga ukapanda, hasira zote zikamwangukia fundi, mtu wa mwisho kwenye mstari.

Mtiki nao, ule wa mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, unauzwa kwa mnada, na kwa sehemu kubwa unavuka bahari kwenda India. Ni mbao nzuri mno kwa samani, inatulia, haisumbuliwi sana na wadudu. Lakini mnadani mtu ananunua shehena. Fundi mwenye kianzio cha 350,000 hana la kufanya mahali pale.

Jirani zetu wa Kenya nao walipungukiwa mbao, kwa njia nyingine. Februari 2018 serikali yao ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na zuio hilo likaendelea hadi Rais Ruto alipotangaza kuliondoa mwaka 2023. Katika miaka ile malori ya mbao za misindano yalipanda kutoka nyanda zetu za juu kwenda Nairobi. Seremala wa huku na seremala wa kule wakawa wanagombea gogo lilelile.

Haya, tuje kwenye fanicha za kontena, maana najua wapo wanaoniambia moyoni kwamba mambo yote haya ya nini, kwa nini mtu asiende dukani akanunue kabati la kutoka nje likaletwa leo leo?

Nawaelewa. Na ninataka tuseme ukweli juu ya zile fanicha, tusizitukane tu. Ubao ule uliotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi haujipindi kama mbao mbichi. Milango ya kabati inafunga sawa. Bei imeandikwa, rangi unaiona, na kitu unaondoka nacho. Ubaya wake unakuja baadaye. Maji yakiupata, unavimba na haurudi. Skrubu ukiifungua ili uhame nyumba, tundu lake haliishiki tena vizuri, na sisi wapangaji tunahama. Kabati la mbao unaweza kumwita fundi alitie mguu mpya baada ya miaka 15. Lile la unga likivunjika, unalitupa.

Lakini duka lile halikumshinda fundi kwa ufundi, na wala halikumshinda kwa bei peke yake. Limemshinda kwa sababu mwenye duka ana mkopo na ana ghala. Yeye ameshasubiri kwa niaba yako. Kontena lilikaa baharini wiki kadhaa, likakaa bandarini, likakaa ghalani, na fedha iliyokuwa imelala muda wote huo ilikuwa yake. Mteja anapotoa laki saba dukani, sehemu ya fedha ile analipia kutokusubiri. Fundi wa Keko hana kitu cha namna hiyo cha kuuza.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliona tatizo, zikaweka ushuru. Tangu 1 Julai 2022 samani zimo kwenye kundi la bidhaa zinazotozwa asilimia 35 zikitoka nje ya Jumuiya. Naunga mkono. Lakini ushuru unapandisha bei ya kabati la mwenzako, haukaushi mbao yako. Fundi aliyekuwa akinunua mbao mbichi kwa kianzio Juni 2022 aliendelea kununua mbao mbichi kwa kianzio Julai.

Tufanye nini basi? Mimi naona fedha ya kusubiri inaweza kupatikana mahali patatu, na pote tayari ipo.

Pa kwanza ni halmashauri. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi, ikarudi mwaka uliofuata. Vikundi vya samani vinapokopa, mara nyingi huomba mashine. Mashine ni nzuri, inaonekana, inapigwa picha siku ya makabidhiano. Mimi ningewashauri vijana waombe kwanza mbao na kibanda cha kukaushia. Tanuri la jua halihitaji makubwa: fremu ya mbao, nailoni nene ya kupitisha mwanga, bati lililopakwa rangi nyeusi ndani, na feni za kuzungusha hewa. Mbao ya inchi moja inayohitaji miezi kivulini inakauka mle kwa wiki chache. Kikundi cha mafundi 10 wa mtaa mmoja wanaweza kununua mbao kwa jumla, kuikausha pamoja, na kila mmoja akachukua kwa bei ya kikundi anapopata oda. SIDO ipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, na VETA inafundisha useremala nchi nzima. Natamani vijana wanaotoka VETA watoke wanajua kupima unyevu kama wanavyojua kushika msumeno.

Kupima si jambo la maabara. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, kipime kwenye mzani mdogo wa jikoni. Tuseme kina gramu 500. Kiweke kwenye oveni ya moto wa wastani usiozidi ule wa maji kuchemka, ukitoe na kukipima mara kwa mara, hadi uzito ukome kushuka. Tuseme umebaki gramu 400. Gramu 100 zilikuwa maji. Gawa 100 kwa 400, ni asilimia 25. Ubao huo bado, usiuguse. Kwa samani za ndani hapa pwani, mimi ningetaka ushuke hadi kati ya 12 na 15 hivi.

Pa pili ni serikali yenyewe kama mteja. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza kila mwanafunzi awe na dawati ifikapo 30 Juni mwaka ule. Ilikuwa amri yenye nia njema, na karakana nyingi zilipata kazi. Lakini mahitaji ya madawati yanatabirika kuliko kitu chochote ninachokijua. Watoto watakaoingia darasa la kwanza miaka 6 ijayo wanazaliwa mwaka huu. Halmashauri inaweza kuagiza leo madawati ya mwaka kesho kutwa, ikalipa sehemu ya mbao sasa, mbao ikakauka, na kazi ikagawanywa kwa mafundi wa wilaya ileile. Badala yake fundi anapewa oda ya ghafla, anaimaliza kwa mbao yoyote iliyopo, kisha anazungushwa miezi kudai malipo yake. Anayemcheleweshea fundi malipo amechukua mkopo kwake bila kumwomba, na fundi ndiye mtu asiyeweza kabisa kukopesha.

Pa tatu ni kwako, msikilizaji. Sisi watu wa kipato cha kawaida hatujengi nyumba kwa mara moja. Tunanunua tofali mwezi huu, mwezi ujao nondo, kiwanja kinakaa na msingi miaka miwili. Tunajua sana kuweka fedha ndani ya kitu na kungoja. Kwa nini mbao ya milango, ya vitanda na ya kabati iwe ya mwisho, inunuliwe wiki ya kuhamia?

Kama unajenga sasa, nenda na fundi unayemwamini mkachague mbao mapema. Mlipe kwa ushauri huo, ni kazi. Dai risiti, na uulizie ile hati ya kusafirishia wanayoiita TP, ujue mbao yako imetoka msituni kihalali. Ukifika nayo, usiisimamishe ukutani. Panga matofali chini ili iwe juu ya ardhi, ilaze, na kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja, vilivyonyooka kutoka chini hadi juu, ili hewa ipite na mbao isipinde. Paka rangi ya mafuta kwenye ncha zake, maana ncha ndizo zinazokauka haraka na kupasuka. Funika juu kwa bati, acha pembeni wazi. Weka kitu kizito juu ya rundo. Pitia kila mwezi uangalie kama kuna unga wa bungua. Nyumba ikifika kwenye lenta, mbao yako itakuwa imefika mbali, na fundi ataifanyia kazi ya kudumu bila kukimbizana na mtu.

Kama hujengi na unataka kitanda tu, bado lipo la kufanya. Mpe fundi fedha yote ya mbao siku ya kwanza, mwandikiane, umwambie unataka kitanda baada ya miezi 3 na mbao uione ikiwa imepangwa. Ujira umlipe kwa vipande kazi inavyokwenda, na kipande cha mwisho siku ya kukabidhiwa. Na mkifika kwenye bei, ukitaka kuokoa fedha, punguza maua ya kichwani au chagua msindano badala ya mninga. Ujira wake wa siku 7 uuache ulivyo.